Kuomba kubadilishiwa hati ya kuachishwa jeshi la Marekani baada ya kosa la dawa za kulevya

Kambini kuna uvumi wa miaka mingi kwamba hati mbaya ya kuachishwa jeshi hujirekebisha yenyewe baada ya miezi sita. Hakuna kitu kama hicho. Aliyetolewa mwaka 2012 kwa hati ya OTHER THAN HONORABLE (isiyo ya heshima) ataikuta hivyo hivyo leo, mpaka aombe mwenyewe na bodi ya kijeshi ikubali. Kuomba hakulipiwi: fomu ni za bure, bodi haitozi ada, na yapo mashirika ya mawakili yanayofanya kazi hii bila malipo. Wakili wa kulipwa si kosa, lakini anayekuahidi ushindi kabla hajasoma faili lako, mkimbie.

Tunawaandikia wasemaji wa Kiswahili waliovaa sare ya Marekani: waliojiunga wakiwa na grin kadi, walioingia kwa MAVNI, mpango wa kuwaandikisha jeshini wasio raia wenye ujuzi maalum, uliokuwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake kabla ya kusimamishwa mwaka 2016, na vijana wa familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi waliokulia huko. Waliotolewa kwa sababu ya bangi, kokeini au vidonge mara nyingi hunyamaza kwa aibu, nyumbani hakuna anayejua, na miaka inakwenda. Miaka hiyo ina hesabu yake kisheria, kama tutakavyoona.

Kama bado si raia, anzia hapa

Bodi za kijeshi hupenda mwombaji akiri kosa na kulieleza. Sheria ya uhamiaji ina jicho jingine: asiye raia akikiri kutenda kosa la dawa za kulevya anaweza kuzuiwa kuingia Marekani hata kama hakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote. Mwenye grin kadi anayesafiri kwenda Mombasa kumzika mzazi anaweza kukutana na swali hilo uwanja wa ndege siku ya kurudi. Barua uliyoiandika kwa nia njema, ukaitia sahihi yako, inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako.

Kudanganya nako si njia. Kusema uongo kwenye fomu hizi ni kosa la jinai, na faili lako la jeshi tayari lina majibu ya maabara. Linalobaki ni kumwona wakili wa uhamiaji kabla hujaandika hata mstari mmoja, akusaidie kuamua ombi lisimame juu ya nini. Mara nyingi huwezekana kujenga hoja kwa nyaraka zilizomo tayari kwenye faili, au kwa makosa ya utaratibu, bila kuongeza ungamo jipya.

Kuna jambo jingine la uraia ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Aliyepata uraia kwa sababu ya utumishi jeshini anaweza kunyang'anywa iwapo aliachishwa kwa hati iliyo chini ya GENERAL UNDER HONORABLE CONDITIONS (ngazi inayofuata baada ya HONORABLE) kabla hajatimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima. Na ambaye hajapata uraia, akiwa na OTHER THAN HONORABLE, hawezi kutumia utumishi wake kuuomba. Ila GENERAL inatosha kwa ombi la uraia la aina hiyo. Kwa hiyo kupanda ngazi hata moja tu kunaweza kumfungulia mtu mlango mkubwa kuliko posho zote. Angalizo moja: hati ikibadilishwa, hukumu ya mahakama ya kijeshi kama ipo haifutiki, na maofisa wa uhamiaji wataendelea kuihesabu.

Ulishajaza N-400, fomu ya kuomba uraia? Itoe uisome upya. Fomu hiyo huuliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo. Ulichojibu huko na utakachoiambia bodi visipingane.

Isome DD 214 yako sanduku kwa sanduku

DD 214 ndiyo hati yenyewe ya kuachishwa. Tafuta nakala ndefu, ile iliyoandikwa MEMBER-4 chini ya ukurasa. Nakala fupi, MEMBER-1, haina sehemu ya chini tunayoihitaji. Sanduku la 24 lina daraja la hati. Sanduku la 25 linataja kanuni iliyotumika kukutoa. Kwa jeshi la nchi kavu, kosa la kutumia dawa za kulevya mara nyingi huandikwa AR 635-200, aya ya 14-12c(2). Sanduku la 26 lina herufi tatu za sababu ya kuachishwa, na JKK maana yake ni utovu wa nidhamu wa dawa za kulevya. La 27 ni msimbo wa kurudi jeshini, unaoanza na RE. La 28 linaandika sababu kwa maneno: MISCONDUCT (DRUG ABUSE).

Hapo kwenye la 28 ndipo waombaji wengi huumia. Wanaomba daraja libadilishwe, wanapewa, kisha hati mpya inakuja imeandikwa HONORABLE juu na dawa za kulevya chini yake. Mwajiri anayesoma nakala ndefu anaona yote mawili. Kwa hiyo kwenye ombi taja mambo manne kwa pamoja: daraja liwe HONORABLE, na bodi isipokubali basi GENERAL, sababu iwe SECRETARIAL AUTHORITY (mamlaka ya waziri, isiyotaja kosa), herufi za sanduku la 26 zifuate sababu hiyo mpya, ambazo huwa JFF, na msimbo wa RE ubadilishwe. Usichokiomba huenda wasikipe.

Omba HONORABLE hata kama ulitolewa na GENERAL na unajisikia hali yako si mbaya sana. GENERAL inakupa matibabu ya VA, wizara ya maveterani, lakini haikupi GI Bill ya baada ya Septemba 11, yaani msaada wa masomo, ambayo inadai HONORABLE peke yake. Wakati unasubiri majibu, mwajiri akitaka uthibitisho kwamba ulitumikia, mpe MEMBER-1.

Bodi ipi, fomu ipi, na muda uliobaki

Ziko bodi za aina mbili, na kosea hapa utapoteza mwaka mzima.

Ya kwanza ni bodi ya mapitio ya kuachishwa, ambayo kila tawi la jeshi lina yake. Fomu ni DD 293. Muda ni miaka 15 tangu siku ya kuachishwa, na hakuna nyongeza. Aliyetoka tarehe 14 Oktoba 2011 anafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2026. Bodi hii haiwezi kugusa hati iliyotokana na hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, ile ya GENERAL COURT-MARTIAL. Hati ya BAD CONDUCT iliyotolewa na mahakama ndogo, SPECIAL COURT-MARTIAL, wanaweza kuipitia, ila kwa msingi wa huruma tu. Jambo la kutia moyo ni kwamba hawawezi kukushusha. Matokeo mabaya kabisa ni kubaki ulipo.

Ya pili ni bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za kijeshi, na fomu yake ni DD 149. Hii ina mamlaka mapana zaidi. Muda wake ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa au dhuluma, lakini inaweza kuusamehe ikiona haki inadai hivyo. Fomu ina nafasi ya kueleza kwa nini umechelewa. Usiiache wazi wala usiandike tu kwamba hukujua. Andika tarehe: uligunduliwa kuwa na PTSD (ugonjwa wa akili unaotokana na tukio la kutisha) lini, na nani, ulijua lini kwamba kuna nyaraka za sera zinazokuhusu. Waraka wa wizara ya ulinzi uitwao wa Carson, wa Februari 2016, uliziagiza bodi hizi zisamehe ucheleweshaji kwa kesi zenye PTSD au jeraha la ubongo, kwa hiyo utaje.

Ukiwa ndani ya miaka 15 na hukuhukumiwa na mahakama kuu, anza na DD 293. Ukikataliwa, DD 149 ndiyo hatua inayofuata. Waliokuwa jeshi la majini na wale wa Marines wana bodi za pamoja, na waliokuwa Space Force wanakwenda kwenye bodi za jeshi la anga. Tovuti ya VA ina ukurasa unaokuuliza maswali machache kisha unakuambia fomu yako na mahali pa kuipeleka. Pakua toleo la fomu la sasa, maana ya zamani hurudishwa.

Faili kwanza, maneno baadaye

Usiandike maelezo yako kwa kumbukumbu za kichwani. Bodi itayasoma huku faili lako likiwa mezani, na tarehe moja iliyokosewa huwafanya watilie shaka na zile zilizo sahihi. Tumia fomu ya SF 180, au njia ya mtandaoni, kuliomba faili kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Usiseme tu kwamba unataka kumbukumbu zako, maana watakutumia DD 214 na kufunga jalada. Andika kwamba unataka faili zima la utumishi pamoja na jalada la kuachishwa, lenye taarifa ya kamanda, fomu ya kuchagua haki zako, adhabu za Article 15 (zile anazotoa kamanda bila mahakama) na majibu ya maabara.

Kumbukumbu za matibabu huombwa kivyake, na za afya ya akili mara nyingi hukaa mahali pengine kabisa, kwenye hospitali ya kambi ulikotibiwa. Ulishawahi kudai fidia VA? Omba jalada lako la VA pia, maana humo huwa na uchunguzi wa daktari ambao hujawahi kuuona. Haya yote huchukua miezi. Aliyebakiwa na muda mfupi kwenye ile miaka 15 apeleke DD 293 kabla siku haijafika, akieleza kwamba nyaraka zaidi zinakuja.

Tafuta kosa la utaratibu

Bodi huanza na dhana kwamba jeshi lilifuata kanuni. Kuivunja dhana hiyo kunahitaji karatasi, na karatasi zenyewe mara nyingi zimo kwenye jalada lako.

Tafuta DD 2624, fomu inayofuatana na chupa ya mkojo mpaka maabara. Ina herufi mbili zinazoeleza kwa nini ulipimwa. IR ni ukaguzi wa bahati nasibu, IU ni ukaguzi wa kikosi kizima, PO ni pale kulipokuwa na sababu ya msingi ya kukushuku. Hizo kamanda anaweza kuzitumia apendavyo. Lakini ukikuta CO, yaani kamanda aliagiza upimwe kwa kuwa alitilia shaka kama unaweza kufanya kazi, au RO, kipimo cha wakati wa matibabu ya kuacha dawa, simama hapo usome tena. Katika jeshi la nchi kavu, kanuni ya AR 600-85 inalinda ushahidi wa namna hiyo, pamoja na maneno ya askari aliyejipeleka mwenyewe kuomba msaada. Serikali ikiuingiza ushahidi uliolindwa kwenye jalada la kukuachisha, daraja lilitakiwa liwe HONORABLE. Hoja hii ikithibitika haihitaji machozi wala ungamo, na kwa asiye raia ni dhahabu.

Angalia pia miaka yako ya utumishi. Mwenye miaka 6 au zaidi, au yeyote aliyependekezewa OTHER THAN HONORABLE, alikuwa na haki ya kusikilizwa na bodi ya kuachishwa kabla ya uamuzi. Tafuta karatasi uliyotia sahihi ya kuiacha haki hiyo. Kama haipo, au imetiwa sahihi siku ile ile uliyopewa taarifa bila kumwona mwanasheria wa jeshi, una la kusema. Kwa kokeini na bangi hakuna daktari anayekuandikia jeshini, lakini kwa vidonge vya maumivu linganisha tarehe ya kipimo na dawa ulizoandikiwa kliniki. Matokeo ya dawa za hospitali hupaswa kupitiwa na daktari kabla hayajaitwa kosa.

Kuna sheria nyingine isiyojulikana sana, kifungu cha 1177 cha juzuu ya 10 ya sheria za Marekani. Askari aliyetumwa ng'ambo kwenye operesheni ndani ya miezi 24 kabla ya kuachishwa, akiwa na PTSD au jeraha la ubongo au akidai hivyo kwa msingi, hawezi kutolewa kwa OTHER THAN HONORABLE bila kwanza kufanyiwa uchunguzi wa kitabibu utakaopima kama hali hiyo ilichangia kosa. Kama ulirudi Afghanistan Januari ukatolewa Oktoba, uchunguzi huo uwemo kwenye jalada. Usipoukuta, liandike hilo waziwazi.

Hoja ya haki: maswali manne ya Kurta

Utaratibu ukiwa umefuatwa wote, bado unaweza kushinda kwa hoja kwamba adhabu haikuwa ya haki. Hapa silaha kubwa ni waraka mwingine wa wizara ya ulinzi, uitwao wa Kurta, wa tarehe 25 Agosti 2017. Unahusu PTSD, jeraha la ubongo, magonjwa mengine ya akili, na waliobakwa au kunyanyaswa kijinsia jeshini, wanaume kwa wanawake. Unaiagiza bodi iitazame kesi kwa ukarimu na kujibu maswali manne. Je, kulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, lilikuwepo au lilitokea wakati wa utumishi? Je, kweli linapunguza uzito wa kosa hili hasa? Je, linazidi kosa lenyewe?

Wengi hujibu la kwanza na la pili vizuri, na la nne kwa hisia, halafu la tatu wanaliruka. Maombi mengi huanguka hapo. Barua ya daktari inayosema tu kwamba una PTSD haitoshi. Inatakiwa iseme kwamba kutumia kwako dawa kulitokana na ugonjwa huo, na ieleze vipi. Waraka wenyewe unakubali kwamba mtu kujitibu dalili zake kwa kilevi ni jambo la kuzingatiwa, na unautaja mwanzo wa matumizi ya dawa za kulevya kama moja ya dalili kwamba kitu kilimpata askari. Mpelekee daktari nakala ya waraka na tarehe zako, na umwombe ajibu maswali manne kwa mpangilio huo.

Ujue na mpaka wake. Kosa lililopangwa kwa makusudi kwa kawaida halisamehewi kwa hoja ya ugonjwa wa akili. Aliyevuta ili alale na aliyekuwa akiwauzia wenzake hawaingii mlango mmoja. Kama kesi yako ni ya kuuza, nguvu yako itakuwa zaidi kwenye miaka iliyopita na maisha yako ya sasa, na hapo waraka wa Wilkie, nao wa wizara ya ulinzi, wa tarehe 25 Julai 2018 ndio wa kutumia. Huo unaihusu huruma na haki kwa upana, hata kwa asiye na ugonjwa wowote. Unasema kwamba uzito wa kosa hubadilika na wakati, na unatoa mfano wa bangi: bado imekatazwa jeshini, lakini leo ni halali katika baadhi ya majimbo na inaweza kuonekana nyepesi kuliko ilivyokuwa miongo iliyopita. Aliyetolewa miaka ya 1980 kwa msokoto mmoja aunukuu mfano huo.

Na kwa mwenye kuona kwamba adhabu zake ndogo ndogo zinamzuia kuomba HONORABLE, waraka wa Kurta unasema daraja hilo halidai utumishi usio na doa.

Kupanga tarehe na kuandika maelezo

Kabla ya maelezo, chora mfululizo wa tarehe kwenye ukurasa mmoja, kila tarehe na namba ya kielelezo chake. Mathalan: Machi 2010, aenda Afghanistan (kielelezo A). Agosti 2010, gari la kikosi lalipuliwa, kliniki yaandika maumivu ya kichwa na kizunguzungu (B). Januari 2011, arudi. Machi 2011, fomu ya kwanza ya kuonywa, DA 4856, kwa kuchelewa paredi (C). Tarehe 9 Mei 2011, aenda kliniki kwa kukosa usingizi (D). Julai 2011, kipimo cha bangi (E). Oktoba 2011, aachishwa (F). Msomaji wa bodi akiona miezi 11 kati ya mlipuko na kipimo, na kabla ya mlipuko hakuna onyo hata moja, ameshaielewa kesi kabla hujamweleza.

Maelezo yenyewe yasizidi kurasa tatu au nne. Aya inayofanya kazi, kwa mwombaji ambaye wakili amemruhusu kueleza kosa, ni ya namna hii: "Kabla ya mlipuko sikuwahi kuadhibiwa. Baada ya kurudi nilikuwa naamka usiku nikipiga kelele. Tarehe 9 Mei 2011 niliomba msaada kliniki, nikapangiwa miadi ya wiki sita mbele. Nikiwa nasubiri, nilivuta bangi ili nipate usingizi. Nilijua ni kosa. Sijatumia tangu nilipomaliza matibabu, kama cheti cha kielelezo H kinavyoonyesha."

Na aya inayoliua ombi ni hii: "Kila mtu kikosini alikuwa akivuta, kamanda alinichukia, na sasa nahitaji GI Bill nisome." Sehemu ya kwanza haikutetei, inakuingiza kwenye kundi. Ya pili, bila ushahidi wa karatasi, inasomeka kama kukwepa wajibu. Ya tatu si hoja kabisa, kwa sababu bodi hazibadilishi hati ili mtu apate posho. Shida zako za sasa zitaje kama ushahidi wa uzito wa adhabu, zisiwe sababu ya ombi.

Kama uliendelea kutumia baada ya jeshi, eleza, ukiwa umeshauriana na wakili. Bodi ikiona kesi ya polisi ya mwaka 2014 ambayo hukuitaja, itadhani kuna mengine. Kurudia dawa mara moja kisha kutibiwa hakuharibu kesi kama kuficha kunavyoharibu.

Barua za mashahidi

Barua tatu zenye mambo zinazidi kumi za sifa. Mwenzako wa kikosi aandike alikuwa kikosi gani, mlikuwa pamoja tangu lini hadi lini, alikuona ukiwaje kabla, na nini kilibadilika. Mke, mume au ndugu aandike alichokiona nyumbani. Mama aliyeko Kisumu au Bukavu anayejua kwamba simu zako zilibadilika baada ya kurudi kutoka vitani ni shahidi kamili. Aandike kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yake, kisha barua itafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri atie sahihi chini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Mzee wa kanisa au imamu aeleze anakujua kwa shughuli gani. Barua zote zikiwa na maneno yale yale, bodi itajua ni mkono mmoja ulioziandika.

Ongeza vyeti vya masomo, barua ya mwajiri, vyeti vya matibabu ya uraibu, na uthibitisho kwamba huna kesi. Aliyerudi kuishi Kenya anaweza kupata cheti cha tabia njema cha DCI kupitia eCitizen. Aliyeko Tanzania anakipata kwa jeshi la polisi. Kuishi nje ya Marekani hakukuondolei haki ya kuomba.

Peleka nakala, asili zibaki kwako. Kila ukurasa uwe na namba, kila kielelezo kiwe na herufi, na mbele pawe na orodha.

Kusikilizwa ana kwa ana

Kwenye bodi ya DD 293 una nafasi mbili: kupitiwa kwa karatasi, na kusikilizwa kwa video, simu au mbele ya jopo. Ukianza na karatasi ukakataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa mradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa, ya karatasi imepotea. Kwa hiyo mwenye muda aanze na karatasi, asome sababu za kukataliwa, azijibu, ndipo aombe kusikilizwa. Aliyebakiwa na miezi michache aombe kusikilizwa moja kwa moja. Usipotokea bila kutoa taarifa, nafasi hiyo imekwenda.

Siku yenyewe watakuuliza maswali mafupi kuhusu kosa. Jibu ulichoulizwa. Ukiona Kiingereza kinakukwama ukiwa na wasiwasi, wahi kuuliza bodi kuhusu mkalimani, na fanya mazoezi na wakili wako. Kwa mawakili wa bure, waulize National Veterans Legal Services Program, The Veterans Consortium, na kliniki za sheria za vyuo vikuu. Vyama vya maveterani vya American Legion na DAV navyo vina wawakilishi.

Bodi zina ukumbi wa mtandaoni wa maamuzi yake ya zamani, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta kesi tatu zinazofanana na yako zilizoshinda, za tawi lako, na uziambatishe.

Wakati unasubiri, na ukikataliwa

Majibu huchukua mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu. Usikae bure. VA hufanya uamuzi wake yenyewe kuhusu hati yako, tofauti kabisa na bodi za kijeshi, na kanuni zake zililegezwa kuanzia Juni 2024 ili kuzingatia mazingira yaliyomfikisha mtu kwenye kosa. Mwenye OTHER THAN HONORABLE anaweza kuomba matibabu na kumtaka VA afanye uamuzi huo. Karani wa mapokezi akikuambia huna haki kwa kutazama DD 214 tu, mwambie unaomba uamuzi wa maandishi. Aliyekuwa vitani au aliyenyanyaswa kijinsia jeshini anaweza kupata huduma ya afya ya akili hata kwa hati hiyo, na vituo vya Vet Center vinatoa ushauri nasaha.

Bodi ya kwanza ikikataa, nenda ya pili. Ya pili ikikataa, unaweza kuomba tena ukiwa na ushahidi mpya, na neno ni mpya kweli: barua ya daktari ambayo haikuwepo, jalada la VA lililofika baadaye. Walioachishwa tarehe 20 Desemba 2019 au baadaye wana ngazi ya tatu, bodi ya rufaa ya mwisho, ambayo huombwa ndani ya siku 365 baada ya uamuzi wa pili. Baada ya hapo kuna mahakama ya shirikisho, ndani ya miaka 6.

Na kama ulishakataliwa zamani na bodi ya kuachishwa ya jeshi la nchi kavu, au ile ya jeshi la majini na Marines, ukiwa umetumikia baada ya Oktoba 2001 na una PTSD au jeraha la ubongo, muulize wakili kuhusu kesi za Kennedy na Manker. Makubaliano ya kesi hizo, ya 2021 na 2022, yaliilazimisha bodi kufungua upya maombi mengi iliyoyakataa, na taarifa zilitumwa kwa posta. Aliyehama nyumba huenda hakuipata.